Nyati wa Miguu Mitatu

Zuhura, mama yangu,

Uniwie radhi kwa mwandiko huu. Naandikia kwenye kantini ya wafanyakazi, huku chini kabisa ya hoteli, meza yenyewe inayumba, na kila nikishika kalamu anatokea dereva kuniuliza funguo za gari ziko wapi. Kesho asubuhi nimepewa ruhusa nikupeleke uwanja wa ndege, lakini yale ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema nikiwa nimeshika usukani. Unanijua. Nikiwa ndani ya gari nasikiliza nusu tu, na hiyo nusu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Habari za chandarua, za maji ya kunywa, za shangazi yako atakayekupokea Dar es Salaam na za kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako ameshakuambia. Nami namfahamu, atakuambia tena mlangoni, na tena kwenye lifti. Mimi huko simo. Mimi nataka tuzungumze habari ya yule nyati.

Najua umeshakunja uso. Kunja uso, lakini barua usiikunje.

Ulikuja Doha una miaka minane, pengo mdomoni, umeshika mkono wa mama yako kama mkaguzi aliyetumwa kuukagua mji. Mimi nilikuwa nimetangulia zamani, wewe ukiwa bado unatambaa. Pale uwanja wa ndege ulinipa shikamoo ile ya mbali, kama ya kumpa mjomba anayeonekana sikukuu hadi sikukuu. Jina nimekupa mimi, jina la mama yangu mzazi, halafu nikawa sijui niongee nini na wewe. Siku za mwanzo nilikuuliza kama umekula mpaka mama yako akasema, "Jamani, huyu mtoto utampasua tumbo."

Kilichotuokoa ni lile kopo la maziwa ya unga ulilokuwa ukitilia sarafu.

Unakumbuka ilivyoanza. Wageni ninaowashusha kule The Pearl, mtaa wa matajiri, wengine hutoa noti, wengine hutoa tabasamu, na wengine hukung'uta pochi na kukumwagia mkononi sarafu zote za nchi walizopitia. Duka la kubadilisha fedha halitaki sarafu za kigeni, linapokea noti peke yake. Kwa hiyo madereva wenzangu walikuwa wakizitupia kwenye droo ya gari, zinalia njia nzima kila wakipita tuta. Mimi siku moja nikakuletea wewe, basi tu, nione utasema nini. Ukazimwaga kwenye zulia, ukazipanga kwa rangi, kisha kwa wanyama, kisha kwa wafalme. Tangu siku ile nilikuwa sijavua hata viatu, wewe umeshafika mlangoni.

"Shikamoo Baba. Leo kuna nini?"

Mwanangu, sijui kama uliwahi kufahamu maneno hayo yalinifanya nini. Nilikuwa nikitoka kazini nimechoka, nimeitwa "dereva" kutwa nzima na watu wasiojua jina langu, nikakanyaga mafuta barabara nzima kwa sababu kulikuwa na mtu anasubiri kunipekua mifuko. Hata siku ambazo sikupewa kitu nilikuwa nawaomba wenzangu. Njoroge, yule Mkenya wa Nakuru, alikuwa akinicheka. "Mzee wa Tanga, unakusanya chuma chakavu?" Lakini alikuwa akiniwekea zake.

Ulipofika miaka kumi na minne ulikuwa na kioo cha kukuzia, vibahasha vya karatasi, na amri. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe nikawa napewa amri! "Usiishike uso, Baba, shika ukingo." "Usiifute, Baba, huo uchafu ni ngozi yake." Nami nikawa nashika ukingo, mkono huu wa kubadilishia matairi.

Kisha akaja nyati. Bibi mmoja wa Kimarekani alimimina pochi yake yote, na ndani yake ilikuwamo sarafu moja ya kijivu, imechakaa, senti tano ya kwao ambayo wenyewe huiita nikeli. Upande mmoja uso wa mzee, mwenyeji wa asili wa nchi ile, nywele kazisuka na manyoya kichwani. Upande wa pili yule mnyama wao mwenye nundu, sisi tukamwita nyati. Ulikaa nayo chini ya taa mpaka mama yako akakuita mara tatu uje kula. Kisha ukaja umeibeba kwenye kiganja kama umebeba yai.

"Baba, huyu ana miguu mitatu."

"Basi kilema," nikasema. "Mhurumie."

Hukucheka. Ukanikalisha, ukanieleza kwamba kule kiwandani kwao, mwaka wa 1937, kuna fundi aliyekuwa anasafisha ule muhuri wa chuma unaogongea picha, akausugua kupita kiasi, mguu mmoja wa mbele ukafutika. Sarafu zikatoka na nyati wa miguu mitatu, na ndiyo hizo watu wanazozitafuta hadi leo. Ukasema wako matapeli wanaokwangua mguu wa nyati mzima ili afanane, ndiyo maana lazima uangalie vitu vingine. Mguu wa nyuma uwe kama umeliwa na mchwa. Na chini ya tumbo pawe na vitone vidogo, kama mnyama anakojoa. Hapo ndipo nilipocheka mpaka nikapaliwa. Lakini nilitazama kwenye kioo chako, na wallahi vitone nikaviona.

Ulimtumia picha mtu mmoja huko Marekani anayeuza sarafu. Akajibu kwamba inaelekea ni ya kweli, ila lazima mabingwa waione kwa macho, waipime na kuitia kwenye kikasha chao chenye muhuri. Ukaitia kwenye bahasha, ukaiweka kwenye droo yako, ukawa unangoja apatikane mtu wa kusafiri nayo. "Nikiuza, Baba, nanunua tiketi yangu mwenyewe ya kwenda chuo." Miaka kumi na minne, na tayari unanipangia kunipunguzia mzigo. Nilijisikia fahari na nilijisikia mdogo, vyote kwa pamoja.

Sasa nakuja kwenye yale yangu.

Siku moja tulikuwa kwenye foleni ya mtaa wa Al Sadd, wewe umekaa kiti cha mbele unanihadithia nikeli nyingine, ya zamani zaidi, yenye herufi V, ile tano ya Kirumi. Ulisema Wamarekani waliitoa bila kuandika neno senti, na ukubwa wake ulikaribiana na sarafu yao ya dhahabu ya dola tano. Matapeli wakazichovya dhahabu, wakaenda nazo madukani. Muuzaji anaona tano, anaona dhahabu, anarudisha chenji ya dola. Ilikuwa hadithi tamu, nami nilikuwa nasema "ehee, ehee." Lakini nilikuwa natafuta pa kugeuzia, na kulikuwa na mtu wa Land Cruiser aliyenichomekea, nikawa namtukana moyoni. Kwa hiyo nilichosikia ni hiki: nikeli, dhahabu, wakusanyaji wanazitafuta.

Mwisho wa hadithi haukunifikia. Mwisho ulikuwa kwamba iliyochovywa wakusanyaji wengi huihesabu kuwa imeharibiwa. Hata hizo za V, zipo zinazopendwa kwa ajili ya kisa chake, lakini nani atathibitisha ipi ilichovywa na tapeli mwenyewe na ipi ilichovywa juzi na mtu wa mapambo? Na hizi mpya zinazouzwa kwenye kikasha cha mahameli zimepakwa dhahabu nyembamba kama pumzi, bei yake ni ya kikasha. Yote hayo uliyasema. Mimi nilikuwa nagombana na Land Cruiser.

Baada ya miezi michache ukahitimu Qurani. Kwetu Tanga msichana akihitimu, baba yake humvisha dhahabu. Bibi yako alivishwa, shangazi zako wamevishwa, na huku Doha ndiyo usiseme, dhahabu inaning'inia madirishani soko zima. Mimi dhahabu ya maana sikuwa na uwezo nayo mwaka ule. Nikakaa nikafikiri, nikapata wazo, na nilipolipata nikajiona nina akili kuliko watu wote wa Ghuba. Nichukue kitu anachokipenda mwanangu kuliko vyote, nikiheshimu kwa dhahabu.

Nikafungua droo yako, nikaitoa kwenye bahasha, nikampelekea sonara. Akaisugua kwanza kwenye mashine ili dhahabu ishike. Nilisimama pale nikitazama anavyoisugua, natabasamu. Kisha akaichovya, akaizungushia pete ya kuning'inizia. Hakuitoboa, alhamdulillahi, hiyo tu ndiyo bahati.

Sebule ilijaa wanawake. Nikakuvisha mbele yao, wakapiga vigelegele, nyati anang'aa kifuani kwako kama taa ya mbele. Ukainama ukaitazama. Ukainyanyua taratibu kwa vidole viwili. Uliishika ukingo, Zuhura. Hata wakati ule uliishika ukingo. Kisha machozi yakakutoka, wanawake wakazidisha vigelegele, nami nikalia pia, mpumbavu wa Mungu, nikidhani tunalia jambo moja.

"Ahsante sana Baba. Nzuri."

Mama yako ndiye aliyenipasulia, jikoni, sahani mkononi. "Umemuua nyati wa mwanao," akasema. Nami badala ya kuuliza nikapandisha sauti. Dhahabu halisi ile! Watoto wa siku hizi hawana shukrani! Nilisema kwa nguvu, na kuta zetu unazijua, najua ulisikia. Wiki iliyofuata nikakaa na simu, nikatafuta mwenyewe, nikasoma pole pole kwa Kiingereza changu cha barabarani. Nikaona wanavyoiandika ile ya kijivu iliyochakaa na wanavyoiandika iliyosuguliwa na kuchovywa. Nikazima simu, nikaenda kukaa kwenye gari.

Na sikukuomba msamaha. Hilo ndilo kosa lenyewe, kubwa kuliko la dhahabu. Ulinirudishia ile sarafu, ukasema, "Niwekee, Baba," nami nikaitia mfukoni nikajifanya tumeelewana. Nikakuletea sarafu ya Japani yenye tundu katikati, ile uliyokuwa ukiililia. Ukasema, "Nzuri, Baba, iweke hapo." Hukuwa na hasira, na bora ungekuwa nayo. Uliendelea kunipa shikamoo, kunipakulia chakula, kunifulia kofia. Lakini mlangoni hukuja tena. Miaka minne nimevua viatu vyangu kwa utulivu.

Nakuambia jambo jingine ambalo hata mama yako halijui lote. Nilipofika huku mara ya kwanza, nikilala chumba kimoja na wanaume wanane, nilikuwa nikienda The Pearl siku ya mapumziko, nasimama kando ya magari ya wageni, napigwa picha, natuma Tanga. Mama yangu alizionyesha mtaa mzima. Nilikuwa nikimwambia kwenye simu kwamba nakula vizuri, kazi nzuri, wakubwa wananipenda. Nilifanya hivyo ili asiumie. Lakini ulifika wakati niliumwa, homa imenikalisha kitandani juma zima, nikampigia nikitaka tu kusikia mtu ananiambia pole. Akapokea kwa furaha, akaniuliza lile gari jekundu nimelinunua au la kazini. Nikamjibu la kazini, nikakata simu, nikajifunika shuka. Nilikuwa nimejichovya mwenyewe, na hakuna aliyeweza kuniona tena.

Kwa hiyo ninalokuomba ni moja, na si amri. Usinitumie habari zilizochovywa. Ukifeli mtihani, niambie umefeli. Ukiona Dar haikukai, watu wanakucheka Kiswahili chako kilichochanganyika Kiarabu cha Doha, niambie. Nitapiga kelele kidogo, ndivyo nilivyoumbwa, mpe dakika baba yako apoe, halafu nitasikiliza. Nitaegesha gari kwanza.

Na kuhusu masomo. Kwa muda mrefu nimewaambia watu hapa kazini kwamba unakwenda kusoma sheria. Usinicheke. Mambo ya kale, kuchimbua vigae na shanga ardhini, nilikuwa sijui nayasemaje mbele ya watu ambao watoto wao ni madaktari. Jana Njoroge aliniuliza, "Wakili wetu anatoka lini?" Nikamwambia si wakili. Nikamweleza kazi yako itakuwa kukiona kitu kikuukuu kilivyo, bila kukiharibu, na kwamba ulianza kuifanya ukiwa mtoto kwenye zulia langu. Akanitazama. "Sasa hiyo si ndiyo poa zaidi, mzee? Ulikuwa unaficha nini?" Ninajivunia wewe, mwanangu. Ningepaswa kulisema hilo wakati sebule imejaa.

Sasa nifike mwisho, maana mapumziko yangu yanaisha.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba dhahabu ya kuchovya inaweza kutolewa. Nikafurahi kama mtoto. Nikasema nitaitoa, nitamrudishia nyati wake kama alivyokuwa, nimshtukize siku ya kuondoka. Nikaenda kwa sonara yuleyule. Akanikumbuka, akaleta kichupa cha dawa, akakifungua.

"Itarudi kama zamani?" nikamuuliza.

"Dhahabu itatoka," akasema. "Kilicho chini siwezi kuapa. Pengine dawa itakula na yenyewe."

Akanyoosha mkono. Sarafu ilikuwa juu ya kaunta, kwenye kitambaa cheusi. Nami nilikuwa karibu kusema haya, twende, kama nilivyosema mara ya kwanza, na tabasamu lilelile usoni. Mshtukizo uleule! Nikaichukua.

"Yalla, rafiki, unataka au hutaki?"

"Sijui," nikamwambia. "Mwenyewe sijamuuliza."

Akacheka, akafunga kichupa chake. Nami nikatoka pale nimeishika ukingo, katikati ya soko, watu wanapishana nami, na sijali. Zuhura, nina umri huu wote, na hilo ndilo jambo la maana nililojifunza Doha: kumuuliza mwenye kitu.

Basi juzi nimerudi kutoka kazini, wewe umekaa chini unakunja nguo, sanduku limefunguka kama mdomo. Sijavua viatu. Hukuinua hata kichwa, nadhani ulimi ulikutangulia.

"Shikamoo Baba. Leo kuna nini?"

Miaka minne! Nikakujibu, "Marahaba mama. Hamna kitu, siku hizi wageni wanalipa kwa kadi." Ukasema "Aa," ukaendelea kukunja. Ni kweli, wanalipa kwa kadi. Lakini nilikudanganya. Nilikuwa nayo mfukoni, ndani ya bahasha, nimeishikilia kwa nje ya suruali, na niliogopa. Niliogopa utasema "ahsante, nzuri."

Nisamehe, mama. Nisamehe kwa droo yako niliyoifungua, kwa kelele za jikoni, na kwa hiyo "hamna kitu" ya juzi. Ikiwa msamaha wenyewe utachukua muda, mimi nipo, simu yangu haizimwi.

Bahasha imo ndani ya hii barua. Sijaifuta, sijaisugua, sijaitoa hata ile pete. Pengine huko kwenye masomo yako wapo wanaojua kuiondoa dhahabu bila kumuumiza aliye chini, na pengine utaamua akae hivyohivyo alivyo. Nyati ni wako. Miguu nimeihesabu upya chini ya taa ya gari, bado ni mitatu, na vile vitone vyake, kwa jicho langu hili la kizee, naona kama bado vipo. Niangalizie wewe, uniambie.

Na lile swali lako la juzi, naomba nilijibu upya.

Leo kuna hii.

Baba yako